Toshiro Mifune baada ya 1965: alishuka, au tunamwangalia vibaya?

kijana_wa_reli:

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wanaofuatilia sinema za zamani za Kijapani. Kuna huyu mwigizaji Toshiro Mifune, yule wa Seven Samurai na Yojimbo. Nimekaa nikaziangalia karibu zote alizofanya na mwongozaji Akira Kurosawa, ziko 16, ya kwanza Drunken Angel ya 1948 na ya mwisho Red Beard ya 1965, na kwa kweli sijawahi kuona mtu wa namna ile kwenye skrini, yaani hata akiwa amekaa pembeni anajikuna na wengine ndio wanaongea, jicho linamfuata yeye.

Sasa nilipomaliza hizo nikahamia za baadaye. Nikaanza na Midway ya 1976, humo yeye ni Admirali Yamamoto, nakuta hata sauti si yake, wamembandika sauti ya Mmarekani. Nikaja 1941 ya Spielberg, ya mwaka 1979, humo ni kamanda wa nyambizi iliyofika pwani ya California, komedi ya kelele mwanzo mwisho. Nikabaki nimeshika rimoti najiuliza ndiye huyu huyu kweli?

Maswali yangu ni mawili. Nini kilitokea 1965 mpaka yeye na Kurosawa wasifanye tena kazi pamoja hadi wanaingia kaburini? Maana nimekuta wengine wanasema waligombana, wengine wanasema jamaa alifuata dola. La pili, nje ya Kurosawa kuna filamu ambayo Mifune yupo kamili? Nampenda sana huyu mtu, sitaki Midway iwe ndiyo ya mwisho kuiona.

Mzee wa Projekta:

Kijana karibu, umegusa jambo ambalo wapenzi wa sinema wanalibishania miaka yote. Ngoja nianzie mbali kidogo, maana bila kujua alikotoka huwezi kuelewa alivyoishi baada ya 1965.

Mifune hakuzaliwa Japani. Alizaliwa Qingdao, China, tarehe 1 Aprili 1920, akakulia Dalian kule Manchuria, baba yake alikuwa na studio ya picha na kazi ya kamera kijana aliijulia hapo hapo nyumbani. Alipoingizwa jeshini wakampeleka jeshi la anga, kwenye mambo ya picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege. Vita imekwisha 1945, Manchuria hakurudiki tena, yuko kwenye nchi ya wazazi wake ambayo hakukulia, miji imeungua, kazi hana. Akapeleka maombi kampuni ya filamu ya Toho akitaka kuwa msaidizi wa mpiga kamera. Kuigiza hakukuwa kwenye hesabu zake kabisa. Akajikuta kwenye usaili wa kutafuta sura mpya mwaka 1946, wakamwambia onyesha hasira, akaonyesha hasira mpaka baadhi ya majaji wakaona huyu hana adabu, hafai. Aliyemwokoa ni mwigizaji Hideko Takamine, alimfuata Kurosawa ambaye siku hiyo alikuwa anapiga filamu yake hapo hapo studio akamwambia kuna mtu njoo umwone. Kurosawa akaja, akasimama upande wake pamoja na mwongozaji mkongwe Kajiro Yamamoto, kijana akapita.

Kwa hiyo unayemwona kwenye Drunken Angel ni mtu ambaye hakufundishwa mikao ya jukwaani wala hakuwa na heshima nayo. Shujaa wa filamu ile kwenye karatasi ni daktari mlevi, Takashi Shimura, lakini huyu jambazi anayekohoa kifua kikuu akaichukua filamu na Kurosawa akaona bora amwache aichukue. Baadaye Kurosawa aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba pale mwigizaji wa kawaida wa Kijapani anapohitaji futi 10 za filamu ili hisia ifike, Mifune zilimtosha 3. Angalia tena jinsi anavyogeuka. Anageuka kabla hujajua kwamba amesikia kitu.

Sasa 1965. Red Beard ilichukua karibu miaka miwili kupigwa. Zile ndevu za Mifune humo ni zake mwenyewe, na muda wote huo hakuruhusiwa kunyoa, sasa jiulize mtu mwenye ndevu za namna ile angechukua kazi gani nyingine? Na kumbuka 1962 alikuwa ameshafungua kampuni yake, Mifune Productions, mishahara ya watu inamsubiri, 1963 aliongoza filamu yake mwenyewe, ndiyo pekee aliyowahi kuiongoza. Kwa hiyo miaka miwili bila kazi nyingine ilimuumiza mfukoni. Mengine yaliyosemwa kati yao ni maneno ya watu, mimi siyabebi. Hili la ndevu na kampuni ndilo lenye uzito.

Na kuna la soko ambalo watu wanalisahau. Mwaka 1958 Japani iliuza tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.1. Kufika 1965 ziko chini ya milioni 400. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani. Filamu ya miaka miwili kwa pesa ya kampuni kubwa haikuwezekana tena, si kwa Mifune si kwa Kurosawa. Mwenyewe Kurosawa baada ya Red Beard alikaa miaka mitano bila filamu, alikwenda kufanya kazi na Wamarekani kwenye Tora! Tora! Tora! wakamwondoa, Dodesukaden ya 1970 haikuuza, na Desemba 1971 alijaribu kujiua. Kwa hiyo anayesema Mifune alimwacha mwenzake kwenye neema akafuata dola hajaiangalia kalenda.

binti_pwani:

Shikamoo mzee, nimekusoma yote na nakuunga mkono. Mie nataka kujibu swali la pili la huyu kaka, maana hilo ndilo linanichoma.

Kaka yangu, acha kila kitu ukaangalie Samurai Rebellion ya 1967, ya mwongozaji Masaki Kobayashi. Kwanza ujue imetoka kwenye kampuni ya Mifune mwenyewe akishirikiana na Toho, kwa hiyo ile kampuni inayolaumiwa kwamba ndiyo iliyomla, ndiyo hiyo hiyo iliyotoa hii. Mwaka ule jarida la Kinema Junpo liliiweka namba moja kwa filamu zote za Japani.

Mifune humo ni Isaburo, mtu mzima, fundi wa upanga lakini nyumbani ni mume anayefokewa na mkewe, miaka 20 yuko hivyo ameinamisha kichwa. Bwana wa himaya anamtupia mwanawe wa kwanza mwanamke aliyemchoka, aitwaye Ichi, wanalazimishwa kumwoa. Wale vijana wawili wakapendana kweli, wakapata mtoto wa kike. Kisha mrithi wa bwana akafa, mtoto ambaye Ichi alimzalia bwana akawa ndiye mrithi, bwana akamtaka mwanamke arudi. Hapo ndipo yule mzee mpole anasema hapana.

Nakwambia usitazame mapigano, tazama kabla ya mapigano. Anawaondoa watumishi, yeye na mwanawe wanaanza kung'oa mikeka ya sakafuni ili wasije wakateleza kwenye damu, wanatoa na kuta zile za ndani wapate nafasi ya kuzungusha panga. Wanaifanya kazi ile taratibu kama watu wanaosafisha nyumba ya harusi. Na Mifune ana furaha! Uso wake umefunguka, kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze anaonekana ni mtu aliye hai. Mimi pale nililia, wala si kwa huzuni. Mtu akiniambia Mifune baada ya 1965 alikwisha namwambia hajamwona Isaburo.

Tena hata kabla ya 1965 watu wanadhani alikuwa wa Kurosawa tu. Mwongozaji Hiroshi Inagaki alimpa nafasi ya Miyamoto Musashi, yule mpiga upanga maarufu wa Japani, kwenye filamu tatu, 1954 mpaka 1956, ya kwanza ilipata Oscar ya heshima ya filamu ya kigeni. Huyo huyo Inagaki 1958 alimpa The Rickshaw Man, humo ni mvuta riksho, maskini, hajui kusoma, anampenda mjane wa ofisa na hathubutu kusema mpaka umri unamwishia. Ilichukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Na 1961 alikwenda Mexico akacheza Ánimas Trujano, mkulima Mwindio wa kule, akakariri mistari yote ya Kihispania wakati lugha haijui. Mwisho sauti wakaweka ya mtu mwingine, lakini filamu ilifika hadi kuteuliwa Oscar. Mtu anayefuata dola hakariri Kihispania kwa ajili ya sinema ya Mexico.

Tiketi ya Saa Mbili:

Salaam wadau. Mimi nitapingana kidogo na mliotangulia, kwa heshima zote.

Mzee umesema soko, sawa. Lakini Tatsuya Nakadai alikuwa kwenye soko hilo hilo. Huyu ndiye yule mwenye bastola kwenye Yojimbo, ndiye anayepasuka damu mwisho wa Sanjuro, na kwenye Samurai Rebellion hiyo hiyo ya dada ndiye rafiki anayelazimika kupigana na Isaburo getini. Nakadai aliendelea na jukwaa, akachagua, na Kurosawa alipopata tena pesa kubwa akamchukua yeye kwa Kagemusha ya 1980 na Ran ya 1985. Nafasi ya Ran, yule mzee mwenye wanawe watatu, ingeweza kuwa ya Mifune, alikuwa na miaka 65 umri wenyewe kabisa. Mimi hilo linaniuma hadi leo. Kwa hiyo chaguo lilikuwepo, na Mifune miaka ya 70 alichukua kazi nyingi za televisheni na nafasi za kuonekana dakika chache amevaa magwanda, na nyingi ya hizo hazina kitu.

Ila kwenye za nje msimtupe zote kapu moja. Hell in the Pacific ya 1968, John Boorman ndiye mwongozaji, waigizaji ni wawili tu, yeye na Lee Marvin, askari Mjapani na askari Mmarekani kwenye kisiwa kitupu. Ilipigwa Palau. Kila mtu anaongea lugha yake na hakuna maandishi chini, kwa hiyo mtazamaji wa Marekani hamwelewi Mifune na wa Japani hamwelewi Marvin. Marvin kwenye vita ya kweli alikuwa askari wa Marines wa Marekani akajeruhiwa Saipan mwaka 1944. Wanagombania maji ya kunywa nusu ya filamu. Hapo Mifune hana dialogi ya kumbeba, ana mgongo, mabega na macho, na anatosha kabisa.

Red Sun ya 1971 pia, na Charles Bronson na Alain Delon, samurai ndani ya kaboi, hii mikanda yake ilizunguka sana huku kwetu enzi za vibanda vya video na wengi wa rika langu ndiko walikoanza kumjua bila kulishika jina. Si filamu kubwa. Ila kuna pale wanatembea mwendo mrefu na Bronson anajaribu kila ujanja kumtoroka, jamaa haongei, anamtazama tu, na unaamini kwamba huyu hatorokeki.

kijana_wa_reli:

Aisee asanteni sana, hapa nimepata darasa. Samurai Rebellion leo leo. Mzee wa Projekta nikuulize tena, hilo la kutofundishwa jukwaa, ina maana yule jambazi Tajomaru wa filamu ya Rashomon na kile kicheko chake na kujipiga wadudu mwilini alikuwa anajitungia mwenyewe? Na ni kweli alikataa kucheza Star Wars?

Mzee wa Projekta:

La Star Wars, binti yake Mika ndiye aliyelisema hadharani, kwamba alifuatwa kwa nafasi ya Obi-Wan na hakuitaka, akihofia itashusha hadhi ya samurai. Na George Lucas mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba amechukua mengi kwenye The Hidden Fortress ya 1958 ambayo Mifune ndiye jenerali, kwa hiyo kumfuata ilikuwa na maana. Miaka michache mbele akakubali Shogun ya 1980 kwenye televisheni ya Marekani, Lord Toranaga, na mamilioni ya Wamarekani ambao hawakuwahi kusikia habari ya Kurosawa wakamjulia hapo.

Tajomaru sasa, hapo kuna habari ambayo sisi wa huku inatuhusu. Wakiwa Kyoto wanasubiri seti ya Rashomon ikamilike, usiku walikuwa wanaangalia filamu ndogo ndogo za kujiburudisha, mojawapo ikawa ya Martin Johnson, yule Mmarekani ambaye yeye na mkewe Osa walizunguka Kenya na Tanganyika miaka ya 1920 na 1930 wakipiga wanyama. Ikaja picha ya simba anatembea porini. Kurosawa akamgeukia Mifune akamwambia, huyo ndiye Tajomaru, nataka uwe hivyo. Sasa rudi uangalie anavyolala chini ya mti mchana wa joto, anavyofungua jicho moja mwanamke anapopita, anavyoacha mwili wote ulegee halafu ghafla amesimama. Filamu ilikwenda Venice 1951 ikachukua Simba wa Dhahabu, ndipo dunia ikaanza kuitafuta sinema ya Japani.

Kujitungia alikuwa anajitungia sana. Kwenye Seven Samurai nafasi yake ya kwanza ilikuwa Kyuzo, yule fundi wa upanga mkimya. Ilipoonekana kwamba kundi la watu makini tupu litachosha, wakamuunda Kikuchiyo, mtoto wa mkulima anayejifanya samurai, akapewa yeye na nafasi ya kuchezea atakavyo. Vituko vyote vile watu wanacheka, kisha kinu kinaungua, mama anatoka na mkuki mgongoni anamkabidhi mtoto mchanga, na Kikuchiyo anaketi kwenye maji ya mto amemkumbatia anasema huyu ni mimi, mimi pia yalinikuta haya haya. Mtu yule yule aliyekuwa anaruka ruka dakika chache kabla. Hakuna mahali unapoona amebadilisha gia.

Na Throne of Blood ya 1957, ile mishale ya mwisho ni mishale ya kweli inayorushwa na wapiga upinde wa kweli, uoga ule usoni hakuhitaji kuutafuta mbali.

Tiketi ya Saa Mbili, la Ran nakubali linauma. Ila kumbuka Nakadai hakuwa na studio ya filamu ya kulipia mishahara. Mifune alipokea zile kazi za dakika chache ili studio yake iendelee na waliokuwa chini yake wapate riziki. Mimi hilo silihesabu kuwa ni udhaifu, ingawa lilitugharimu sisi watazamaji.

Tiketi ya Saa Mbili:

Mzee sawa, nimekuelewa upande huo wa mishahara. Bado nasema angesema hapana mara nyingi zaidi. Yeye na Kurosawa walikuja kukutana kwenye mazishi ya Ishiro Honda, mwongozaji wa Godzilla, mwaka 1993, wote wazee, na kazi haikuja tena. Mifune aliondoka tarehe 24 Desemba 1997, Kurosawa Septemba 1998. Miaka 30 na zaidi ilipita tangu Red Beard, na hapo katikati kulikuwa na nafasi angalau ya filamu moja. Nitaendelea kuidai hiyo filamu.

binti_pwani:

Mie na kaka hapo juu hatutakubaliana, ila deni hilo la filamu moja na mie nalidai.

kijana_wa_reli, ukimaliza Samurai Rebellion rudi kwenye High and Low ya 1963 hata kama umeshaiona, safari hii umtazame yeye tu. Humo hakuna upanga, amevaa suti, ni bosi wa kiwanda cha viatu anaitwa Gondo. Watekaji wanadhani wamemchukua mwanawe kumbe ni mtoto wa dereva wake, na wanataka yeni milioni 30, pesa ambayo amekopa mpaka kuweka nyumba rehani ili ainunue kampuni. Akilipa amefilisika. Dereva anapiga magoti kwenye zulia, na Mifune anampa mgongo, kamera inakaa mbali, hakuna anayesema kitu kwa muda mrefu. Anachofanya pale ni kusimama tu na bado unaona hesabu zote zinapita kichwani mwake.

Kisha ameamua kulipa. Polisi wana vidonge vya kuficha ndani ya mikoba ya pesa, kimoja kinatoa harufu kikilowa maji, kingine kikichomwa kinatoa moshi wa rangi. Gondo anasema nileteeni vifaa vyangu. Bosi mwenye jumba juu ya kilima cha Yokohama anakaa chini sakafuni, anafungua mfuko wa zana zake za ufundi viatu wa ujanani, anaanza kuichana ile mikoba na kuishona upya kwa mkono wake huku polisi wamesimama wanamtazama. Mikono inakwenda bila kusita, na ukimtazama usoni huoni mtu anayejionea huruma. Na hapo alikuwa na miaka 42, amekaa na mwongozaji yule yule miaka 15, kila mmoja anajua mwenzake atafika wapi.

Halafu baada ya hapo tafuta I Live in Fear ya 1955. Alikuwa na miaka 35 na anamcheza babu wa karibu miaka 70, mwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, anaogopa mabomu ya nyuklia mpaka anataka kuhamishia ukoo mzima Brazil, watoto wanampeleka mahakama ya familia wakisema amerukwa na akili. Watu wengi wanaiacha kwa sababu haina mapigano. Usiiache.

kijana_wa_reli:

High and Low niliiangalia mara moja nikamfuata sana yule mtekaji, nitairudia kwa namna hiyo uliyosema dada. I Live in Fear kumbe ndiyo moja ya zile chache sijaiona kati ya 16. Nikimaliza narudi hapa na maswali kuhusu Inagaki, maana hizo tatu za Musashi nimezipata lakini sijui kama nizitazame mfululizo au niziachanishe.

Mzee wa Projekta:

Mfululizo, jioni tatu zinazofuatana. Ya tatu ina pambano la ufukweni alfajiri jua linachomoza, na ukiwa umemwona Musashi tangu alivyokuwa kijana mkorofi amefungwa juu ya mti kwenye ile ya kwanza, utaona mtu mwingine kabisa anashuka kwenye ule mtumbwi.